Kumi, Siyo Ishirini na Tano

Katika kijiji cha Nimtola hakuna mtoto asiyeijua ishirini na tano. Hata yule anayetambaa bado na kula udongo, ukimwekea biri, zile sigara nyembamba za kukunjwa kwa jani, mbele yake atazisukumasukuma mpaka zikae lundo, na bibi yake atacheka aseme huyu naye kishaanza kazi. Biri ishirini na tano, uzi mwekundu mara mbili kiunoni, fundo, basi: hicho ndicho kitita. Jioni munshi, wakala wa tajiri wa biri, anakuja na baiskeli yake kuvichukua vitita vya siku na kuacha majani na tumbaku ya kesho. Kila kitita anakipima kwa kiganja, na kilichopungua anakitupa mlangoni kuku wakichezee. Wanawake wa huko wanashinda hivyo, mama na binti na mkwe, kila mmoja na ungo wake mapajani, majani upande huu, tumbaku upande ule, na kikohozi cha kila mtu.

Anjura Khatun alizaliwa pembeni ya ungo kama huo. Mama yake alikunja biri mpaka mapafu yakamgomea ili binti asome, na binti akasoma kweli, akarudi kijijini kuwa mwalimu wa kituo cha watoto wadogo. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja cha bati na ubao uliopasuka, na uani Rabeya Chachi akipika wali wa dengu wa mchana huku akizilaani kuni mbichi. Watoto walimwita Apa, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Naye aliwapenda, lakini kwa mapenzi ya mtu mwenye hasira. Hakutaka hata mmoja wao arithi ungo.

Shida ilianza walipofika kwenye kumi. Aliandika 21 ubaoni akauliza ni ngapi hiyo. Mbili na moja, wakasema. Akaandika 12. Moja na mbili, wakasema, ni zilezile Apa, umezigeuza tu. Alieleza kwa chaki mpaka koo likamkauka. Kitabu cha serikali kilikuwa na picha ya visanduku vilivyopangwa juu ya visanduku, na kusema kweli hata yeye mwenyewe alianza kuviona visanduku vile upuuzi mtupu.

Basi akaamua wacheze. Alikata mabua ya juti, yale meupe mepesi wanayowashia moto, akapata vijiti vya kutosha darasa zima. Akachora nyumba mbili sakafuni: kulia nyumba ya mamoja, kushoto nyumba ya makumi. Nyumba ya mamoja, akawaambia, ina vitanda tisa tu. Mnarusha dadu, kila nukta inaleta mgeni mmoja. Mgeni wa kumi akifika hana pa kulala, kwa hiyo wote kumi wanafungwa pamoja na kuhamia kwa jirani, wakiwa kitita kimoja.

"Kumi?" aliuliza Jesmina, mtoto wa Golenur. Alikuwa na miaka saba na pengo la meno mawili mbele.

"Kumi."

"Kitita cha kumi ni kibovu, Apa. Munshi atakitupa."

"Hapa hakuna munshi."

"Na akija?"

"Akija tutamfunga na yeye, tumpeleke nyumba ya makumi."

Wakacheka sana. Kisha wakarusha dadu, wakakusanya vijiti, wakaomba uzi, na kila kikundi kikafunga ishirini na tano. Siyo kwa ukaidi. Walikuwa wanapiga domo, wanasukumana, wanagombea dadu, na wakati huohuo vidole vinajaza vijiti mpaka kiganja kiseme tosha, na kiganja cha mtoto wa Nimtola kinasema tosha penye ishirini na tano. Jesmina ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Alifunga huku akitazama dirishani, na ukihesabu hukuti pungufu wala ziada. Anjura alimwangalia akataka kulia, maana ile mikono ilikuwa imeshaajiriwa kabla mwenyewe hajajua kusoma jina lake.

Usiku ule aliwaza, asubuhi akapiga marufuku uzi. Uzi ubaki nyumbani, alisema, humu ndani hata kipande nisikione. Alikwenda sokoni kwa pesa yake akanunua mfuko wa rababendi za rangi, na watoto wakazipenda kama peremende. Rababendi hazikuwa za biri. Vidole havikuzijua, kwa hiyo ilibidi kichwa kifanye kazi.

Siku nyingine hawakutumia vijiti kabisa, wakawa wenyewe vijiti. Anjura alivua shela yake, akaita wageni mmojammoja, na walipofika kumi akawazungushia shela kiunoni, wakarukaruka wote pamoja kwenda nyumba ya makumi, wakianguka na kupiga kelele mpaka Rabeya Chachi akachungulia na mwiko mkononi.

"Hii ni shule au ngoma ya harusi?"

"Ni hesabu, Chachi."

"Enzi zetu hesabu ilikuwa fimbo."

"Ndiyo maana chumvi inakushinda kukadiria," Anjura akamjibu, na watoto wakashangilia.

Alikuwepo Sofikul, mdogo wa mwili, ambaye kila mara alisimama nje ya shela. Alinuna. "Kila siku mimi nabaki mamoja." Jesmina akamfariji kwa sauti ya mtu mzima: "Wewe baki. Wakija wenzako tisa utahama."

Na siku moja, wakati wengine wanagombania dadu, Jesmina alikaa akiitazama nyumba ya makumi vilimolala vitita vitatu, na nyumba ya mamoja ikiwa tupu. Aliandika 3. Akaitazama. Akaifuta. Akaandika tena 3, kisha polepole akaongeza duara pembeni.

"Apa, hili duara ni nyumba isiyo na mtu."

"Ndiyo."

"Lakini hatuibomoi. Tukiibomoa tatu itarudi kuwa wageni watatu tu."

 Anjura alikuwa amesomea kazi hii, na hakuwahi kusikia mtu akilieleza jambo hilo vizuri namna ile. Jioni alikwenda kwa Golenur kumwambia mtoto wako ana akili. Golenur hakuinua macho kwenye ungo.

"Akili anayo. Nimemzaa mimi. Mwache asome, Apa, maadamu kituo kipo hapa karibu."

Maneno ya mwisho hayakusemwa bure. Tangu kipupwe zilikuwa zimeenea habari kwamba vituo vidogo vitafungwa na watoto wahamishiwe shule kubwa ya ng'ambo. Ng'ambo maana yake uvuke reli, kisha uvuke barabara kuu wanakopita malori ya mawe, usiku na mchana, bila breki na bila haya. Mtoto wa Salema alisagwa pale mwaka juzi. Hakuna mama wa Nimtola atakayemwachia binti wa miaka saba avuke pale, na hakuna mama mwenye nafasi ya kumsindikiza, kwa sababu nani atakunja? Kwa hiyo kila mtu alijua. Kituo kikifungwa, Sofikul labda atabebwa na mjomba wake kwenye baiskeli. Jesmina atapewa ungo.

Barua ilipokuja ilisema mkaguzi atafika. Atachagua watoto watatu na kuwapima hesabu; wakifaulu wawili, kituo kinabaki. Anjura aliisoma akapata hata furaha. Kama ni kumi, alisema moyoni, kumi wanaijua.

Mkaguzi, Bwana Dipankar, alifika katikati ya joto la mwezi wa Choitro, joto lile linaloyeyusha hata lami. Alikuwa mtu mpole mwenye leso shingoni na tumbo lililokuwa likimsumbua. Alimwomba Rabeya Chachi maji ya chumvi kabla hata ya kukaa. Akafungua kitabu cha majina, akachagua kwa kufumba macho na kugusa. Sofikul. Kisha mvulana mmoja aitwaye Milon. Kisha Jesmina. Kidole kilipogusa jina la tatu Anjura alimshukuru Mungu kimoyomoyo, na hilo alikuja kulikumbuka baadaye kwa uchungu mwingi.

"Nimesikia mnacheza humu," Bwana Dipankar akasema. "Haya, tucheze. Sitaki ubao. Nitampa kila mtoto vijiti, avifunge, aviweke kwenye nyumba zake, kisha aandike namba."

Sofikul alipewa thelathini na nne. Alihesabu kwa sauti, ulimi nje, akavuta rababendi ya kwanza, akaifunga. Ya pili ikamkatikia mkononi. Akachukua nyingine, nayo ikakatika. Joto lilikuwa limezila. Zilikuwa zimekauka kama ngozi ya kitunguu. Hata hivyo akapata za kumtosha, akaandika 34, akamtazama Apa wake akitabasamu mpaka masikioni. Mkaguzi akaandika alama ya ndiyo.

Milon aliogopa leso, aliogopa tumbo, aliogopa kila kitu. Alianza kulia kabla ya kijiti cha sita. Mkaguzi alimngoja, akambembeleza, mwishowe akaandika alama ya hapana.

Akabaki Jesmina. Alikuja mbele bila woga, amepakwa mafuta kichwani, vidole vimenyooka tayari. Bwana Dipankar akamhesabia vijiti hamsini. Anjura alitia mkono kwenye mfuko wa rababendi akatoa moja, ikapasuka. Akatoa ya pili, ikapasuka. Alimimina mfuko wote sakafuni, akapekua, na hakukuwa na hata moja iliyokuwa nzima.

"Mwalimu, muda," mkaguzi akasema, akijishika tumbo. "Tumia chochote. Kamba, uzi, chochote."

Na Anjura, ambaye hakuwa ameruhusu hata kipande cha uzi mle ndani mwaka mzima, aligeuka akaita uani, "Chachi, nipatie uzi." Hakufikiria. Alikuwa akiwaza muda, tumbo la mkaguzi, alama ya hapana iliyokwisha kuandikwa. Rabeya Chachi akaja na kigurudumu cha uzi mwekundu, Anjura akakipokea, akakitia kwa mkono wake mwenyewe kwenye kiganja cha Jesmina.

Aliuona uso wa mtoto ukilegea. Vile mabega yanavyoshuka ukifika nyumbani, ndivyo yalivyoshuka. Vidole vikaanza. Havikusubiri kuambiwa. Vikazoa, vikasawazisha vichwa vya vijiti kwa kugonga mara moja sakafuni, uzi mara mbili kiunoni, fundo. Jesmina wakati wote huo alikuwa akitazama kalamu ya mkaguzi, kalamu nzuri ya fedha. Anjura alielewa kabla kitita cha pili hakijaisha. Alifungua kinywa, na mkaguzi akainua mkono kumzuia, kwa sababu mwalimu haruhusiwi kusema.

Vitita viwili vilikaa nyumba ya makumi, vimefungwa kwa ustadi ambao fundi wa mjini angeuonea wivu. Nyumba ya mamoja ikabaki tupu. Jesmina aliitazama, akafurahi kwamba imetoka kamili, akaandika 2, kisha kwa uangalifu mkubwa akachora duara.

"Ngapi hiyo?" mkaguzi akauliza.

"Ishirini."

"Na vijiti nilikupa vingapi?"

Mtoto alisita. "Hamsini."

"Hamsini vimekuwa ishirini?"

Jesmina alitazama vijiti, akamtazama Apa. Hakujua. Vitita vilikuwa sawa, duara lilikuwa sawa, kila kitu kilikuwa sawa. Mkaguzi akaandika.

Anjura alimfuata mpaka nje kwenye jua.

"Bwana, ni uzi. Nakuomba. Kwao uzi ni ishirini na tano, mkono ndio umefanya. Mpe tena, bila uzi. Mwambie aweke tu kwenye mafungu."

Bwana Dipankar alikuwa ameshaingia garini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza Anjura zaidi, kwa kuwa mtu mbaya angeweza angalau kumtukana.

"Dada yangu," alisema, "niandike nini? Kwamba mtoto anajua hesabu kwa rababendi lakini kwa uzi haijui? Wataniuliza kama nimelewa."

"Anaijua. Ndiye anayeijua kuliko wote."

"Nakuamini," akasema, akafuta shingo. Gari likaondoka.

Ilikuwa alasiri, Anjura amekaa peke yake akiokota vipande vya rababendi, Jesmina alipoingia mbio, mguu mmoja bila kiatu.

"Apa. Nimekosea. Nilipofika nyumbani mama alikuwa anafunga, nikamtazama, nikajua. Nilifunga vya biri. Ni vitano, Apa. Vitita vitano na duara. Mwambie arudi."

"Ameondoka, Jesmina."

"Mpigie simu. Mwambie mtoto amekumbuka."

Anjura alimkumbatia. Mtoto alijichomoa kutoka mikononi mwake, akapiga magoti sakafuni, akavifungua vile vitita viwili, akavihesabu upya kumi kumi mpaka vikawa mafungu matano, akaandika 50 kubwa. Kisha akakaa pembeni ya namba hiyo akisubiri, kana kwamba mtu atapita aione. Hakupita mtu.

Kituo kilifungwa kabla ya mvua. Walikuja wanaume wawili na mkokoteni, wakachukua ubao na sufuria ya Rabeya Chachi, wakafunga kufuli. Anjura aliambiwa asubiri barua ya kazi nyingine. Aliisubiri mpaka akaacha kuisubiri. Sofikul alikwenda shule ya ng'ambo kwenye baiskeli ya mjomba, kama ilivyotarajiwa. Wasichana walibaki.

Mvua zilipoanza Anjura alipiga moyo konde akaenda kwa Golenur. Walikuwa barazani, mama na binti, kila mmoja na ungo. Wa Jesmina ulikuwa mpya, bado una rangi ya kijani. Desturi ya huko ni kwamba mwanamke akija kukutembelea hakai bure. Anavuta jani, anakunja mawili matatu huku mkizungumza. Miaka yote ya ualimu Anjura alikuwa akikataa, na watu walimsamehe kwa sababu ni mwalimu. Siku hiyo Golenur alisogea kidogo kumpa nafasi, akamsukumia majani, na Anjura akayachukua.

"Mama Jesmina, nitamvusha mimi mwenyewe. Asubuhi nampeleka, jioni namrudisha. Mimi sina kazi sasa."

"Leo huna. Kesho ukiitwa mahali?"

"Nitatafuta mtu."

"Utamtafuta nani? Wewe mwenyewe mume wako yuko mbali huko Kerala anajenga majumba ya watu, mama mkwe wako hajiwezi." Golenur alikohoa, akageuza uso, akarudi kwenye ungo. "Mimi sikukatazi kwa ubaya, Apa. Wewe ulimpenda, naona. Lakini nikuulize na mimi. Siku ile alipewa hamsini?"

"Hamsini."

"Akafunga vitita viwili, hakuna kilichobaki?"

"Ndiyo."

"Munshi angekitupa kipi?"

Anjura aliinamia jani lake.

"Hakuna. Hata kimoja. Mtoto wa miaka saba. Nyinyi mkamwandikia ameshindwa." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Sasa nimpeleke akanyagwe na lori ili wakamwandikie tena?"

 Anjura alikunja. Vidole vyake havikuwa vimesahau, na hilo lilimtia aibu na uchovu kwa pamoja. Mvua ilipiga bati. Jesmina alikuwa akifunga na kupanga, akifunga na kupanga, mpaka mbele yake kukawa na safu ndefu ya vitita. Akaitazama safu hiyo kwa muda.

"Apa."

"Naam."

"Nyumba ya makumi nayo ina vitanda tisa?"

Mikono ya Anjura ikasimama. Nyumba ya tatu, ya mamia, alikuwa ameiweka akiba, awachoree baada ya mkaguzi kwenda zake. Hakuna aliyekuwa amemwambia mtoto huyu kwamba kuna nyumba ya tatu.

"Vitita vikifika kumi," Jesmina akaendelea, "navyo si vinakosa pa kulala? Sasa vinahamia wapi?"

"Kwa munshi," Golenur akajibu bila kuinua macho. "Kunja, mwanangu, siku inakwisha."

Mtoto hakukunja. Alimgeukia mwalimu wake, pengo la meno likionekana, akasubiri kusikia kama ni kweli. Anjura alimtazama. Angeweza kuchukua chaki, au kijiti, au kuchora kwa kidole tu pale kwenye vumbi la baraza. Na kesho angemchorea nini, na kesho kutwa, na nani angekuja kuiona?

"Ndiyo," akasema. "Vinakwenda kwa munshi."

Jesmina akaitikia kwa kichwa, akavuta jani.